Betri Mbili Zilizobaki Kibarazani

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Kigoma mjini
Jina: Mariana Faustini
Umri: Miaka 53
Kabila: Mha
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Kuanika na kuuza dagaa
Makazi: Kibirizi, Kigoma
Tarehe: 20 Mei 2015, kuanzia saa 3:40 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: WP Koplo Agnesi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Ni mjane tangu Ijumaa iliyopita. Kwenye fomu yenu hakuna mahali pa kuandika hilo, ndiyo maana nalisema hapa. Sikuitwa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu kijana anayeitwa Heritier yuko mahabusu tangu Jumamosi kwa kosa ambalo hakulifanya, na yeye mwenyewe amekataa kusema nani alifanya. Mimi najua. Binti yangu Regina amenisindikiza, amekaa kwenye benchi nje ya chumba hiki, naye ndiye mtu mmoja ambaye nilitaka asijue. Nimeomba mlango ufungwe na umefungwa.

Mume wangu anaitwa Dismasi. Nasema anaitwa, afande, usinisahihishe. Kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa kipe cha Hamdani, mfanyabiashara wa Ujiji. Wewe si mtu wa ziwa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinaning'inia juu ya maji ili dagaa waje. Zamani tulitumia karabai. Siku hizi ni taa za betri, na kipe cha Hamdani kina betri nne kubwa kama za lori, zimepakwa rangi nyekundu ubavuni zisije zikapotea. Dismasi ndiye aliyezitunza. Kila asubuhi zilirudi kwetu kwa mkokoteni kuchajiwa, kila jioni zikateremka ufukweni.

Mbalamwezi watu hawavui dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa yako, wana taa yao juu. Vipe vinapandishwa mchangani zaidi ya wiki, wanaume wanashona nyavu na kutusumbua majumbani, na betri zinalala tu. Hayo yote nayasema kwa sababu ndipo jambo hili lilipoanzia.

Regina ni mtoto wetu wa pekee aliyebaki. Ana miaka 25, alisomea kompyuta Tabora. Alirudi na kompyuta mbili kuukuu, akaongeza ya tatu, zikapangwa sebuleni kwangu na kiti changu kikahamia jikoni. Alifundisha wasichana wa mtaani kuchapa, na watu walimletea barua na kazi zao. Lakini umeme wetu unaujua. Hata hapa umeandika mstari wa tatu ukakatika. Kila ulipokatika kompyuta zilizimika zote tatu kwa mpigo na kazi ikapotea, na Regina akatoka nje kushika kiuno na kuangalia nguzo ya umeme, utadhani nguzo itaona haya.

Heritier ni Mkongo, mzaliwa wa Baraka, amekulia kambi ya Nyarugusu. Ni fundi wa redio na simu. Mwezi wa tatu alipata kibali cha kutoka kambini kuwa mkalimani wa shirika moja la misaada, maana anajua Kifaransa na Kirundi. Kibali chake nimekiona na hakijaisha. Dismasi alimkuta ufukweni akitengeneza redio ya mtu, akamleta nyumbani ale, na tangu siku ile alikuwa anakula kwetu. Umeniuliza kama ana uhusiano na binti yangu. Mimi si kipofu, lakini hilo halijafika kwangu kwa mdomo wa mtu, kwa hiyo usiliandike kama jambo ninalolijua.

Mnamo tarehe 3 Aprili 2015, siku ya Ijumaa Kuu, Heritier na Dismasi walifunga umeme wa betri nyumbani kwetu. Niliwaambia Ijumaa Kuu si siku ya kupiga misumari. Dismasi akasema mwezi ni mkubwa, betri zimelala, na Mungu anajua kalenda ya ziwa. Heritier alileta kile chombo kinachoitwa inveta, kinachogeuza moto wa betri uwe kama umeme wa nguzo. Alikifunga ukutani sebuleni. Betri alikataza zisikae ndani, akasema zikichajiwa zinatoa hewa inayoweza kushika moto. Alitengeneza kasha la mbao lenye matundu, akaliweka kwenye kibaraza cha nyuma, hatua chache kutoka mahali ninapopikia, na waya mnene ukapita dirishani. Aliwaambia wote kwamba kwenye umeme ule ni kompyuta tatu na mashine ndogo ya kuchapia tu, pasi hapana, heta hapana, na akaniangalia mimi.

Walipomaliza, Heritier alizima swichi kubwa ya nyumba. Kompyuta hazikupepesa. Regina alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa. Dismasi akaenda kibarazani akazipiga betri mgongoni kwa kiganja, kama mtu anayemsifu ng'ombe.

Hamdani aliambiwa siku ileile. Alikuja, akatazama, akakubali. Alisema mbele yangu, "Nahodha, mwezi wenu, giza langu. Giza likiingia nizikute chomboni zimejaa." Dismasi akajibu kwa Kiha, "Ego," yaani ndiyo. Hakuna kilichofichwa. Hamdani ni mtu wa haki, na leo simsemi kwa ubaya.

Kwa ajili ya siku za giza, Heritier alitafuta betri mbili kuukuu gereji, zisizo na rangi yoyote, akazitia maji ya betri na kuzifufua kadiri alivyoweza. Zilikuwa zinavuta saa moja hivi, kisha inveta inaanza kulia. Siku aliyozileta, Dismasi alimwambia azifunge pamoja na zile nne za Hamdani ziwe sita. Heritier alikataa. Nilikuwa napembua mchele palepale. Alisema, "Hapana, Papa. Batri ya zamani itakula ile mupya. Usichanganye hata siku moja."

Dismasi akamjibu, "Wewe kijana, kidole kimoja hakivunji chawa. Zikikaa pamoja zitasaidiana."

Heritier akasema, "Batri si watu, Papa."

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Niliyasikia kama mtu anavyosikia maneno ya mafundi, yaani sikuyasikia. Dismasi naye nadhani hakuyaamini. Huyu mwanaume maisha yake yote aliamini kwamba kikiwa kidogo kigawanywe. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na sikumbuki mwaka ambao tulilala humo peke yetu.

Mwezi wa tano watu wa Burundi waliokimbia machafuko kwao walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani. Hilo mnalijua kuliko mimi. Walikuwa wanaletwa mjini kwa maji, wanapumzishwa uwanja wa mpira, kisha wanapelekwa kambini. Katika msukumano ule watoto wengi walipotezana na wazazi. Shirika analofanyia kazi Heritier lilimpa Regina kazi ya kuweka picha za watoto hao kwenye karatasi kubwa, kila picha na jina la mtoto kama analijua, na jina la kilima alikotoka, ili zibandikwe uwanjani. Heritier alileta picha kwa kadi ya simu, Regina na wasichana wake wawili wakachapa. Mimi niliziona zile sura kwenye kioo cha kompyuta. Kuna mtoto mmoja alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, hakutaka kukiachia hata kupigwa picha. Hakujua jina lake lingine zaidi ya Bébé.

Wakati huo giza lilikuwa limeingia, vipe viko majini, betri nyekundu zinafanya kazi ya Hamdani. Nyumbani tulikuwa na zile mbili kuukuu tu.

Mnamo tarehe 14 Mei 2015, siku ya Alhamisi, umeme ulikatika saa sita mchana. Betri kuukuu zikavuta, inveta ikalia, kompyuta zikazimika na sehemu ya kazi ikapotea. Umeme ulirudi saa tisa wakaanza upya. Saa kumi na nusu ukakatika tena, na betri zilikuwa hazijapata kushiba, zikalia palepale. Karatasi zilitakiwa uwanjani asubuhi ya Ijumaa, kwa sababu mchana wa siku hiyo malori yalikuwa yanaondoka na kundi kubwa kwenda kambini. Mama akishapanda lori bila kuona picha, basi. Regina alitoka akakaa kwenye kizingiti cha nyuma akalia. Mwanangu si mtu wa kulia. Aliniambia, "Mama, watawapeleka na watoto watabaki hapa." Kisha akafuta uso, akarudi ndani kuwaambia wasichana wasiondoke, watasubiri umeme.

Dismasi alikuwa uani. Alikuwa anajiandaa kwenda ufukweni, betri nne nyekundu ziko kwenye mkokoteni, zimejaa tangu asubuhi. Alimsikia. Alisimama kidogo akiwa ameshika mpini wa mkokoteni. Halafu akaja kibarazani, akafungua kasha, akatoa betri mbili kuukuu, akabeba mbili nyekundu kutoka kwenye mkokoteni akaziweka mahali pake, akabana vichwa vyake kama alivyomwona Heritier akifanya. Zile kuukuu akazipandisha mkokotenini na zile nyekundu mbili zilizobaki. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni. Umeniuliza kama niliona kwa macho au nilisimuliwa. Niliona. Nilikuwa hatua chache kutoka hapo, nakoroga sufuria.

Inveta ilinyamaza. Ndani tukasikia kompyuta zinaamka. Regina hakuweza kuona kibarazani kwa sababu dirisha limezibwa na kabati, akapaza sauti, "Heritier, umezipata wapi? Ahsante, ahsante sana!" Mimi nikafungua mdomo. Dismasi akaweka kidole midomoni.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Baba Regina, na ziwani?"

Akasema, "Ziwani tuna mbili nzima na hizi mbili za kusukumia. Hatutakwenda mbali. Mwache adhani ni mwenzake. Akijua ni za chomboni atanirudishia, wewe unamjua."

Umeniuliza kwa nini sikumzuia. Afande, sijui kama umeolewa. Nimekaa na yule mtu miaka thelathini na moja, na nimemzuia mambo mengi ya kijinga. Jambo jema sikuwahi kumzuia. Nilimpenda sana saa ile. Nataka hilo liandikwe hivyohivyo nilivyolisema.

Aliondoka na mkokoteni wake.

Heritier alirudi kutoka uwanjani kama saa mbili usiku. Regina akamshukuru kwa betri. Kijana akashangaa, akaja nyuma, akamulika kasha kwa simu. Aliona rangi nyekundu. Alinigeukia akaniuliza, "Mama, Papa alibeba zile za zamani?" Nikamwambia amezibeba, na kwamba amesema Regina asiambiwe. Akauliza, "Atazifunga pamoja na mupya?" Nikasema sijui, si ndiyo zitasaidiana. Alipiga simu ya Dismasi mara nyingi, haikupatikana, maana ng'ambo ya Mtanga mtandao hakuna. Alikimbia kwenda ufukweni. Naambiwa kuna watu wameandikisha hapa kwamba walimwona Heritier usiku ule akihangaika ufukweni kama mtu mwenye hatia. Alikuwa anatafuta chombo cha kumfuata Dismasi. Aliwaomba watu watatu, wote wakamkatalia, kwa sababu hawapeleki mgeni majini usiku kwa jambo la betri. Aliporudi aliniambia tuombe Mungu. Alikaa kibarazani hadi kukacha. Regina ndani alikuwa anachapa na kuimba.

Yaliyotokea ziwani sikuyaona. Nimeyapata kwa Gasper, mmoja wa mabaharia wanne wa kipe kile, naye yupo Kibirizi mnaweza kumwita. Gasper aliniambia aliziona betri zisizo na rangi, akauliza, na Dismasi akamwambia, "Hizi zimekuja kuwasaidia wenzao." Alizifunga zote pamoja. Taa ziliwaka vizuri mwanzoni. Katikati ya usiku zikaanza kuwa za njano, kisha nyekundu, kisha zikafa zote, hata zile betri mbili nzima hazikuwa na moto tena. Wakaanza kupiga makasia kurudi, wavu uko nusu majini. Ndipo wakasikia injini. Lilikuwa boti limejaa wakimbizi kutoka Kagunga, nalo halikuwa na namna ya kuona kitu cheusi juu ya maji meusi. Dismasi alisimama mbele akiwa na tochi ya simu, akapiga kelele kwa Kiha. Boti lilijaribu kukata kona likawapiga ubavuni. Watu wa boti wale, watu ambao hawakuwa na kitu duniani, walirusha kamba na vitenge vilivyofungwa pamoja, wakawavuta mabaharia wote wanne. Nahodha hawakumwona.

Simlaumu mwenye boti. Andika hilo.

Ijumaa asubuhi Regina alizipeleka karatasi zake uwanjani kabla habari haijafika kwetu. Nimeambiwa kuna akina mama walipata watoto wao pale ukutani. Nimeambiwa mmoja alikuja kupiga magoti mbele ya Regina. Watu wananieleza hayo wakidhani yatanifuta machozi. Kama nimefurahi? Sijui, afande. Andika sijui.

Jumamosi tarehe 16 watu wa Mwamgongo walimwona Dismasi wakamleta kwa mtumbwi, wamemfunika vizuri, Mungu awabariki. Msiba ukajaa. Mchana Hamdani alipita kibaraza cha nyuma kutafuta maji ya kutawadha. Akaziona betri zake mbili ndani ya kasha. Gasper alikuwa amekwishamwambia kwamba taa zilizimika. Hamdani alirudi mbele ya watu akauliza, "Nani kaziweka betri zangu huku?"

Regina akajibu, "Heritier." Hakudanganya. Alisema alichokijua.

Watu wote wakamgeukia Heritier. Alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya waombolezaji. Hamdani akamwambia, "Umemuua nahodha wangu kwa ajili ya kompyuta." Nilimwangalia Heritier, naye aliniangalia, kisha akamwangalia Regina aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka. Nikajua anachofanya. Akasema neno moja tu, "Pole, Mzee." Vijana wakamkamata, polisi wakaja. Mimi nilikuwa nimeshikwa mabega na wanawake wawili, na kinywa changu, ambacho Kibirizi nzima wanakijua, hakikutoa kitu.

Jumapili tulimzika mume wangu. Jumatatu nilimletea Heritier chakula hapa kituoni. Nilimwambia nakwenda kusema ukweli. Alinishika mkono kupitia nondo. Alisema, "Mama, wachia tu. Mie siku moja nitatoka hapa. Regina akijua hii mambo, ye hatatoka tena." Nilirudi nyumbani. Nilijiambia mtoto ana akili kuliko mimi, ninyamaze. Nilinyamaza Jumatatu, nikanyamaza Jumanne.

Jana jioni Regina alizima kompyuta zote, akazifunika kwa khanga. Akaniambia wakimpeleka Heritier mahakamani atasimama yeye mwenyewe kutoa ushahidi, na anataka afungwe, asirudi hata kambini. Alisema, "Nilimshukuru, Mama. Alimuua Data na mimi nikamshukuru." Data ndivyo anavyomwita baba yake, kwa Kiha. Aliyasema kwa utulivu, macho makavu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mume nimezika. Kijana anaoza humu ndani. Na binti yangu anajifunza kumchukia mtu anayemfunika asinyeshewe. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimewapoteza wote watatu.

Kwa hiyo nasema wazi. Betri zilibadilishwa na mume wangu Dismasi, kwa mkono wake, kwa hiari yake, mbele yangu. Heritier hakuwapo. Heritier ndiye aliyemkataza kuchanganya betri, na ndiye pekee aliyejaribu kumfuata. Dismasi hakutaka kufa na hakutaka kumdhulumu Hamdani. Alisikia mtoto wake analia akampa alichokuwa nacho, akadhani kinachobaki kitatosha. Kama hilo ni kosa kwenye vitabu vyenu, mwenye kosa amezikwa, mfungueni aliye hai.

Umeniuliza kama nina chuki na mtu yeyote. Nina hasira na Dismasi. Namkasirikia asubuhi nikiamka, namkasirikia nikianika dagaa, nageuka kumgombeza na sipati wa kumgombeza. Angekuwepo angenichekesha na ingekwisha.

Umesema sheria inataka nisomewe haya kabla ya kuweka dole, maana mimi mwandiko wa mkono siusomi. Naomba usinisomee wewe. Naomba ufungue mlango umwite Regina anisomee. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo tangu jana usiku, nikashindwa, na leo njiani nikashindwa tena. Akiyasikia sokoni yatamvunja vibaya zaidi. Akiyasoma mwenyewe, kwa sauti yake, na mimi nimekaa hapa karibu, labda. Sina jingine. Hivi ndivyo nilivyoona na nilivyosikia, na hayo ndiyo maelezo yangu.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)
Mariana Faustini

MAELEZO YA OFISA

Mimi WP Koplo Agnesi nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kwa hiari yake, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Nilimruhusu binti yake, Regina Dismasi, ayasome kwa sauti mbele yangu. Alikaa kwenye kiti, shahidi akakaa karibu naye. Alikatisha kusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kuichukua karatasi niendelee mimi, akanikatalia. Mara ya pili shahidi alimwambia, "Soma, mwanangu," akasoma hadi mwisho. Shahidi alikubali kuwa ni sahihi, hakuna kilichobadilishwa.

Alipomaliza, binti alimwuliza shahidi swali moja. Si sehemu ya ushahidi, lakini lilisemwa mbele yangu na ninaliandika. Aliuliza, "Alikula kabla hajaondoka?"

Shahidi akamjibu, "Alikula. Akaomba kuongezewa, nikamwongezea."

Nimepeleka jalada kwa mkuu wa kituo pamoja na pendekezo kuhusu mtuhumiwa Heritier. Binti wa shahidi ameomba kusubiri kwenye benchi hadi uamuzi utoke, na amekataa kwenda nyumbani.

Saa 6:15 mchana.
WP Koplo Agnesi (sahihi)